Somo: Kumwandaa mhadhiri kuwa mkuu wa idara kabla barua ya uteuzi haijamfikia

Wengi wetu ukuu wa idara ulitujia kwa barua. Ijumaa ulikuwa mhadhiri mwenye vipindi vyako na utafiti wako. Jumatatu una funguo mpya, kabati la mafaili lisilojulikana lilipangwa na nani, na wenzako waliozoea kukuita kwa jina wanakuita "mkuu" kwa sauti yenye kejeli kidogo. Ilidhaniwa tu kwamba mtu aliyemaliza tasnifu ya uzamivu hawezi kushindwa na ratiba ya mitihani. Anashindwa. Mimi nilishindwa.

Somo hili ni la wakuu wa vitivo na idara wanaotaka kuandaa warithi, na la mhadhiri anayehisi zamu yake inakaribia. Sifa za kiongozi bora sitazigusa. Kila mtu anazijua, na bado hazijamsaidia yeyote kugawa mzigo wa vipindi.

Kabla ya hatua, ugumu wenyewe

Mwaka 1972 watafiti wa taasisi na uongozi Michael Cohen, James March na Johan Olsen walikieleza chuo kikuu kama vurugu yenye mpangilio: malengo yana utata, njia za kuyafikia hazieleweki vizuri, na wanaoshiriki maamuzi hubadilika kikao hadi kikao. Aliyewahi kuendesha kikao cha idara hahitaji ushahidi zaidi. Ongeza kwamba mhadhiri ametumia miaka mingi akijifunza kuwa sahihi peke yake, kisha anapewa kazi ambayo usahihi wake hauna maana wengine wasipokubali kutembea naye. Profesa haamrishwi. Na muda wa mkuu ukiisha anarudi kwenye safu ileile, labda chini ya yule aliyemkatalia ombi mwaka jana.

Hatua ya 1: Mtafute mapema, miaka miwili kabla ikiwezekana

Usimwangalie msemaji hodari. Mwangalie anayewasilisha matokeo kwa wakati, anayekimbiliwa na wanafunzi waliokwama, na hasa yule anayeweza kushindwa hoja kikaoni Jumanne na Jumatano akautekeleza uamuzi alioupinga. Muulize kama anaitaka kazi. Akisema hapana, mwache.

Hatua ya 2: Mpe kazi yenye maamuzi ndani yake

Kuandika muhtasari wa kikao si maandalizi ya uongozi. Mpe mapitio ya mtaala aongoze mwenyewe. Humo ataonja kila kitu: kila mtu akilinda kozi yake kama shamba la urithi, muda ukiyoyoma, na mzee mmoja akikumbusha kwamba jambo hilo lilijaribiwa zamani likashindikana. Au mpe upangaji wa vipindi vya muhula mmoja, au mwachie akaimu ukiwa likizo, na uwe likizo kweli, simu uizime.

Sharti ni moja: akiamua, usimtengue mbele za watu. Kama kakosea, mwite faragha, na marekebisho ayatangaze yeye.

Wapangaji wa mafunzo hupenda kutaja kanuni ya 70-20-10, iliyotokana na tafiti za miaka ya 1980 za Center for Creative Leadership, taasisi ya mafunzo ya uongozi ya Marekani: asilimia 70 ya kujifunza uongozi hutoka kwenye kazi ngumu, 20 kwa watu, 10 darasani. Tarakimu hizo usizichukue kama vipimo vya maabara. Zilitokana na mameneja kujieleza wenyewe. Lakini mwelekeo wake naukubali.

Hatua ya 3: Karatasi

Kanuni za mitihani, kanuni za utumishi, akidi ya vikao, bajeti na nani anaidhinisha nini. Akae siku moja na mhasibu wa kitivo na siku mbili na katibu muhtasi wa idara. Siku mbili nimezitaja makusudi.

Hatua ya 4: Mazungumzo magumu

Hapa ndipo wakuu wapya huanguka, nami nilianguka wiki ya tatu. Mwenzangu alinisimamisha kwenye ujia, akaniomba nimpunguzie kozi moja amalizie makala yake. Nikasema "tutaona, haina shida". Yeye alisikia ndiyo. Kufikia Ijumaa watu wanne walikuwa na ahadi yangu ambayo sikukumbuka kuitoa, na kozi zilikuwa zilezile. Mmoja wao hakunisalimia muhula mzima.

Tangu hapo najifunza, na kufundisha, jibu moja la kwenye ujia: "Niandikie, nitakujibu kabla ya Alhamisi." Kisha ujibu kabla ya Alhamisi kweli, hata kama jibu ni hapana.

Zoezi: kaeni watatu. Mmoja ni mkuu, wa pili ni mhadhiri aliyechelewesha matokeo, wa tatu anatazama na kuandika. Dakika kumi, kisha mnabadilishana. Mkuu aanze na jambo lenyewe na tarehe zake: "Matokeo ya kozi yako yalitakiwa tarehe 10, leo ni tarehe 24, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamekwama. Kumetokea nini?" Halafu anyamaze. Sisi tunalipwa kwa kusema, kwa hiyo sekunde tano za kimya hutuchoma. Tunajaza pengo kwa kumtafutia mwenzetu visingizio, naye anavipokea kwa shukrani. Mtazamaji ahesabu mara ngapi mkuu amejijibu mwenyewe. Nimeona mtu akifika mara saba.

Yafungwe kwa makubaliano ya tarehe, yaandikwe siku hiyohiyo kwa mistari mitatu. Barua pepe ya hasira ya saa tano usiku haihesabiki.

Hatua ya 5: Mlezi wa nje ya idara

Awe amewahi kushika ukuu na asiwe na la kupata wala kupoteza katika idara yenu. Wakutane mara moja kwa mwezi. Tangu mwaka 1965 American Council on Education, umoja wa vyuo vya Marekani, imekuwa na mpango unaompeleka mwanataaluma kukaa karibu na viongozi wa chuo kingine, aone kazi inavyofanyika. Toleo dogo mnaliweza bila gharama: aingie na mkuu wa kitivo kwenye kikao kigumu kama msikilizaji, wakitoka amuulize, "Pale ulinyamaza kwa nini?" Swali hilo lina faida kuliko slaidi arobaini.

Hatua ya 6: Utafiti wake uandikwe kwenye makubaliano

Vipindi vipunguzwe, siku moja kwa wiki isiwe na miadi, na akimaliza muda wake apate likizo ya utafiti. Kwa maandishi, kabla hajakubali. Bila hivyo mnachoma moto mtu anayesubiri kupanda cheo, na wadogo wake wanaona.

Maswali niliyoulizwa

*Kitivo chetu kimepanga warsha ya siku mbili, basi. Inatosha?*

Haitoshi, ila usiisusie. Omba siku ya pili yote iwe zoezi la Hatua ya 4, na kila mshiriki aondoke na kazi halisi ya miezi mitatu. Kisha mkutane tena kwa saa mbili kuulizana imefikia wapi. Kurudi huko ndiko wengi hukuruka.

*Mimi ni mwanamke pekee wa ngazi yangu. Kila kamati naitwa, lakini ni kuandika mihtasari na kupanga mahafali. Wanasema ndiyo maandalizi.*

Dada, hayo si maandalizi, ni utumishi usiohesabika. Andika kamati zote ulizomo, na mbele ya kila moja andika: hapa ninaamua nini? Mpelekee mkuu wako orodha hiyo, uombe kubadilishana mbili zisizo na uamuzi kwa uenyekiti wa moja. Akikataa, jibu lake nalo liwe kwa maandishi.

*Sina cheo chochote, na wazee hawaachii nafasi. Nianzie wapi?*

Anzia kwenye kero isiyogombewa na mtu. Usimamizi wa tasnifu za wanafunzi, kwa mfano: nani ana wanafunzi wangapi, nani hajakutana nao. Tengeneza jedwali, lipeleke kikaoni na pendekezo moja, sio kumi.

*Nimeteuliwa mkuu, na mmoja wa ninaowaongoza alinifundisha shahada ya kwanza. Hajasahihisha mitihani tangu mwezi uliopita. Namwambiaje mtu ninayemwamkia shikamoo?*

Shikamoo ibaki palepale. Usimwite ofisini kwako; nenda kwake, bisha hodi, keti unapoonyeshwa. Kisha mwambie: "Mwalimu, nimekuja kwa jambo la kazi. Karatasi za wanafunzi wako bado hazijafika, na kikao cha bodi ya mitihani ni tarehe fulani. Nikusaidie nini ili zifike kabla?" Ukinyamaza hapo huenda ukasikia kwamba macho yamechoka, au karatasi ni nyingi kuliko alivyotarajia. Mtafutie msahihishaji msaidizi, lakini tarehe usiisogeze. Yeye ndiye aliyekufundisha kwamba kazi ina siku ya kukusanywa.