Kusasisha tableti ya rubani kabla ya kuruka kutoka Luano
Rubani anayeondoka uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, asisasishe mfumo wa tableti yake usiku wa kuamkia safari, kwa sababu toleo jipya linaweza kuifanya programu ya ramani za anga igome kufunguka. Asubiri kwanza watengenezaji wa programu hiyo wathibitishe kwamba inapatana na mfumo mpya. Mwenye tableti mbili asasishe moja tu, ile nyingine ibaki ilivyo mpaka ya kwanza ijaribiwe.

Data za urambazaji (taarifa za kuongozea ndege njiani) ni jambo jingine: hutolewa upya kila baada ya siku 28, nazo hazingoji. Azipakue mjini, umeme ukiwapo (jambo lisilo na ahadi hapa kwetu), kisha azime intaneti na kufungua kila ramani ya njia yake, tuseme hadi mji wa Kalemie, ahakikishe zinafunguka bila mtandao.