Bampa la chuma mbele ya pikapu: funga kwa bolti, usichomelee kwenye chasisi

Somo hili ni la pikapu zenye chasisi ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vipande vya kukatiza, kama Hilux na Land Cruiser za mizigo.

Andaa pleti ya mm 6 ya braketi, pleti ya mm 3 ya uso wa bampa, mita 3 za bomba jeusi la mm 60 lenye unene wa mm 3, bolti 12 za M12 (kipenyo mm 12) daraja la nguvu 8.8, nati zenye pete ya nailoni, washa nene 24, na fimbo za kuchomelea za aina ya 6013, mm 2.5 na 3.2. Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, vyote vipo. Bolti isiyo na 8.8 kichwani irudishe, hata muuzaji akiapa ni ileile.

Wateja wengi hudai pleti nene. Uso wa mita 1.6 kwa 0.3 ukiwa wa mm 3 una kilo 11 hivi. Wa mm 6 unapita kilo 22, na mzigo huo wote unaning'inia mbele ya ekseli. Springi zinalala, taa zinamulika lami.

Hatua ya 1. Egesha sakafu tambarare, vua bampa la zamani, sugua ncha za chasisi kwa brashi ya waya. Gari linalolala Kigamboni au Msasani hula chumvi ya bahari, na kutu huanzia ndani ya boksi, yaani mhimili wa chasisi wenye uwazi ndani. Gonga kwa nyundo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti bubu. Kikiwa bubu, tibu chasisi kwanza.

Hatua ya 2. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kila braketi ishikwe na bolti nne ubavuni mwa chasisi. Anza na matundu ya kiwandani; ukilazimika kutoboa, tumia drili ya mm 13, kaa angalau mm 30 kutoka ukingoni, na usiguse pande za juu na chini, maana ndizo zinazobeba mzigo chasisi ikipinda. Boksi ni tupu ndani. Ukikaza bolti hivihivi kuta zinabonyea, na wiki mbili baadaye bampa linacheza. Kwa hiyo kila bolti ipite ndani ya kipande cha bomba nene chenye tundu la mm 13, urefu wake sawasawa na upana wa ndani wa boksi.

Matundu ya kushikia bampa kwenye braketi, mawili kila upande, yafanye marefu, mm 13 kwa 20, ili upate pa kurekebishia.

Hatua ya 3. Pandisha bampa na uache mm 20 kati yake na madigadi. Bodi imekaa juu ya raba, chasisi haikukaa. Gari likipita tuta kila kimoja kinacheza kivyake. Piga pointi, yaani vichomeleo vidogo vya kushikilia tu, kisha shusha bampa uchomelee chini. Fimbo ya mm 2.5 inataka ampea 70 hadi 90, ya mm 3.2 inataka 100 hadi 130. Choma vipande vya sentimita 5 ukibadilisha kushoto na kulia, la sivyo uso unajikunja kama chapati. Ongeza pembetatu ya mm 6 nyuma ya kila kona ya braketi.

Hata pointi zile za juu ya gari, toa kwanza waya hasi wa betri, na ethi (kibanio cha waya wa pili wa mashine ya kuchomelea) ibane karibu kabisa na unapochoma.

Hatua ya 4. Toboa matundu ya mm 10 chini ya bampa maji yatoke, piga praima ya zinki, kisha rangi. Kaza bolti hadi Nm 80 (nyutoni-mita, kwa spana ya kupima), na urudie baada ya kilomita 200.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, fundi wangu wa Buguruni anasema kuchomelea kwenye chasisi ndiyo imara. Hata magari ya kugongana ya Marekani wanachomelea.*
Ndugu, yale gari likimaliza shindano kazi yake imekwisha. Lako kesho linabeba saruji. Moto wa kuchomelea unabadilisha chuma pembeni mwa mshono, na ufa huanzia hapohapo. Tena ukigongwa, braketi ya bolti unabadilisha. Chasisi iliyopinda hubadilishi kirahisi.

*Naweza kutumia bomba la maji la mabati?*
Ondoa zinki kwa grenda sentimita 5 kila upande wa mshono, na ufanyie kazi nje penye upepo. Moshi wake unaleta homa usiku.

*Tangu nifunge, gari linachemka foleni ya Ubungo, barabarani liko poa.*
Umeziba rejeta. Kwenye foleni inategemea feni peke yake. Kata uso mbele ya rejeta, uweke bomba mbili za kulala.

*Hiace ya daladala je?*
Haina chasisi ya kujitegemea, ni bati lililokunjwa chini ya sakafu. Weka bomba jepesi kwenye matundu ya bampa la kiwandani, basi.

*Langu lina eabegi, kaka.*
Hapo usibuni. Chuma kigumu kinabadilisha jinsi mshtuko unavyofika kwenye sensa. Tafuta bampa lililotengenezwa kwa modeli hiyo, na sensa zibaki mahali pake.