Somo: Kuchagua ulaini wa tairi za magari ya mashindano ya rimoti

"Nifunge tairi gani?" Swali hili linarudi kila mara bila njia ya mbio kutajwa. Naandika mara moja, tuwe tunaelekezana hapa.

1. Soma kanuni za mashindano. Tairi ikiwa moja kwa wote, ruka hadi hatua ya 4.

2. Tazama njia. Udongo wenye vumbi: tairi za meno marefu. Udongo ulioshindiliwa: meno mafupi. Lami: kipara, yaani zisizo na meno.

3. Pima joto la njia yenyewe, si la hewa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mpira laini hushika hata njia ikiwa baridi. Mgumu hungoja joto. Lakini lami iliyopigwa na jua la adhuhuri huuchemsha ule laini: mizunguko ya kwanza gari linanata, kisha mkia unaanza kukimbia, na mwenye gari anahangaika na springi na shokapu zisizo na kosa. ONYO: usijaribu tairi kwa mizunguko miwili mitatu, endesha muda kamili wa mbio. ONYO: chaguo la asubuhi lipimwe upya mchana. Tairi ikianza vizuri ikaishia kuteleza huku ikilika haraka, ni laini mno. Ikiteleza mwanzo hadi mwisho na ukiishika haina joto, ni ngumu mno.

4. Futa rimu na mdomo wa tairi kwa spiriti, ndipo uzigandishe kwa gundi.

MASWALI

— Mkuu, laini au ngumu? Kesho nina mbio.
Hatua ya 3.

— Nimesoma, ila nipe jibu fupi tu.
Njia gani? Joto gani? Bila hayo sina jibu, fupi wala refu.

— Namba za ulaini zinalingana kati ya watengenezaji?
Swali zuri sana. Hazilingani. Tairi za sponji hupimwa kwa Shore, kipimo cha ugumu: namba ikipanda ugumu unapanda. Kwa Pro-Line ni kinyume: M4 ni laini kuliko M3. JConcepts wanatumia rangi. Kijani ni laini kuliko bluu. Linganisha ndani ya chapa moja tu.

— Kwenye njia ya zulia gari langu linapinduka konani.
Mshiko umezidi. Paka supa gluu nyepesi ubavuni mwa tairi za mbele, iache ikauke kabisa. Fanyia penye hewa, ule mvuke unachoma macho.

— Nyongeza: ukiosha tairi zenye matundu, maji huingia kwenye sponji ya ndani.
Kweli kabisa. Yakamue kabla ya kufunga, la sivyo gurudumu litatetemeka. Mimi huziba matundu kwa utepe kabla ya kuosha.