Kukusanya Santuri za Muziki wa Chini ya Bahari: Anza Nyuma ya Jalada

Anayezitafuta santuri hizi kwa kufuata picha za samaki na wapiga mbizi kwenye majalada atapata chache, tena ghali. Sehemu kubwa ya muziki wenyewe, yaani uliotungwa kusindikiza picha za chini ya maji, imelala ndani ya santuri ambazo mbele yake hazina hata neno bahari. Sababu iko kwenye namna ulivyotengenezwa: mwingi ni muziki wa maktaba, yaani uliorekodiwa mapema ili watengenezaji wa filamu na vipindi wachague.

Muziki wa maktaba haukurekodiwa kwa ajili ya maduka. Kampuni ilirekodi vipande vifupi, vingi vya dakika moja hadi tatu, ikavipanga kwa hali na mandhari, ikafyatua santuri chache na kuzigawa kwenye studio za filamu na vituo vya redio na televisheni. Mhariri aliyekuwa na picha za matumbawe alichomoa santuri rafuni, akatumia kipande kimoja, na kampuni ikalipwa ada ya matumizi. Mfululizo wa vipindi vya mpiga mbizi Mfaransa Jacques Cousteau ulipoanza kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1968, kamera za chini ya maji zilikuwa zimeshakuwa mtindo, na kampuni nyingi za Uingereza, Ufaransa, Italia na Ujerumani zilikuwa na angalau vipande viwili vitatu vya kuuza kwa kazi hiyo.

Viwili vitatu, si santuri nzima. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Chukua kampuni ya KPM ya London. Mfululizo wake wa 1000 una majalada ya kijani cha zeituni yanayofanana kama sare za shule, na mbele hayakuambii mengi kuhusu muziki uliomo. Bruton, iliyoanza mwaka 1977, ilitumia herufi na rangi kutenganisha aina za muziki. De Wolfe, kongwe kuliko hizo kwa kuwa ilianzishwa mwaka 1909, ilitoa santuri pia kwa lebo ndogo kama Rouge na Hudson. Ongeza Sonoton na Coloursound za Munich, na Montparnasse 2000 ya Ufaransa. Kwa zote hizi, geuza jalada. Nyuma kuna orodha ya vipande, muda wa kila kimoja, na mara nyingi mstari mmoja wa maelezo: mwendo wa pole, hali ya fumbo, yafaa kwa picha za kina cha bahari. Mstari huo ndio ramani yako.

Kwenye Discogs (tovuti ya orodha na mauzo ya santuri) na minada ya mtandaoni, tafuta majina ya vipande badala ya majina ya santuri, na utafute kwa lugha ya nchi husika. Kwa Kiingereza andika "underwater", "sub aqua", "ocean bed", "coral" na "marine". Kwa Kifaransa "sous-marin", "fonds marins", "abysses" na "plongée". Kwa Kiitaliano "fondali", "abissi" na "subacqueo". Kwa Kijerumani "Unterwasser" na "Tiefsee". Kisha pitia santuri zilizopangwa chini ya anga za juu, sayansi na maumbile. Mtunzi aliyetaka kuonyesha mwanaanga anayeelea alitumia zana zilezile za mpiga mbizi, kwa sababu wote wawili hawana uzito na hawana haraka. Kipande chenye jina la nyota mara nyingi kinafaa kwa pweza bila kubadilisha noti hata moja, na bei yake ni ya chini kwa sababu wasaka bahari wamekipita.

Zana hizo zikikaa sikioni, utakitambua kipande ndani ya sekunde kumi. Vibrafoni yenye mtetemo wa injini, kinubi kinachoteleza juu na chini, filimbi ya alto, na mwangwi wa tepu unaorudia noti hadi ififie. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 zinaingia sinthesaiza, ala za umeme zinazounda sauti: VCS3 ya kampuni ya EMS (1969) kwa viputo na milio ya sonari, Minimoog (1970) kwa besi nzito za vilindini. Ngoma hazipo, au zinapigwa kwa brashi tu. Ukisikia gitaa lenye pedali ya wah-wah na ngoma za nguvu, hapo pengine ni mwendo wa boti, si wa kina.

Usiyaamini sana majina ya watunzi. Piero Umiliani wa Italia alitumia majina kama Moggi na Zalla. Delia Derbyshire, aliyekuwa akifanya kazi BBC, alitoa muziki kwa KPM akijiita Li De la Russe. Ukimpenda mtunzi, fungua ukurasa wake na usome majina yake yote ya bandia kabla ya kudhani umemaliza kazi zake.

Kukagua kabla ya kulipa

Muziki huu ni wa kimya, na kimya hakisamehe. Santuri ya daraja la VG ("nzuri sana" katika madaraja ya wauzaji) inayopigika vizuri ikiwa na ngoma na besi, itakuudhi ikiwa na vibrafoni peke yake, kwa kuwa kila punje ya vumbi inasikika katikati ya noti. Lenga VG+ kwenda juu. Herufi G kwenye madaraja hayo ni kifupi cha neno lenye maana ya "nzuri", lakini santuri ya G ni ya kelele mwanzo hadi mwisho. Inunue tu kama huwezi kuipata kwingine.

Kuna uharibifu mmoja wa santuri zilizotumika kwenye vituo vya redio ambao mara nyingi macho hayauoni. Fundi mitambo aliweka sindano mwanzo wa kipande na kuizungusha santuri mbele na nyuma kwa mkono ili sauti ianze pale anapotaka. Mfereji ambamo sindano hupita ukalika hapohapo. Utasikia mkwaruzo wa "shhh" kwenye sekunde ya kwanza au mbili, kisha sauti inasafika. Hakuna sabuni inayoondoa hilo. Alama za kalamu nyuma ya jalada zinasaidia: kipande kilichowekewa tiki au nyota ndicho kilichofanyishwa kazi sana. Bahati mbaya ni pale tiki inapokuwa kwenye kile unachokitaka. Mihuri ya maktaba na vibandiko vya namba, kwa upande wake, ni sehemu ya historia ya santuri; ukibandua utachana karatasi.

Sikiliza pia uthabiti wa noti ndefu. Kwa mwendo wa 33⅓, mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8. Filimbi ikiyumba kwa mpigo huo, tazama mkono wa sindano. Ukipanda na kushuka, santuri imepinda. Ukienda kushoto na kulia, tundu la katikati halikutobolewa sawasawa. Vyote viwili vinavumilika kwenye muziki wa dansi, lakini hapa utahisi kichefuchefu cha baharini ambacho mtunzi hakukikusudia.

Ukinunua kwa mbali, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Omba picha ya kila upande chini ya taa moja iliyoinamishwa, picha ya namba zilizochongwa karibu na lebo ya katikati, na rekodi ya sekunde 20 za mwanzo wa kipande kilicho kimya zaidi. Linganisha namba hizo na za toleo la kwanza. Msimbo wa mistari kwenye santuri inayodaiwa kuwa ya mwaka 1972 unatosha kukuambia ni toleo jipya. Matoleo mapya halali si kitu cha kudharau: Be With Records imetoa upya santuri kadhaa za KPM, na kwa msikilizaji wa kawaida hizo ni chaguo la busara kuliko nakala ya asili iliyochakaa.

Kusafisha na kutunza

Changanya mililita 800 za maji yaliyokenekwa, mililita 200 za alkoholi ya isopropili, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Funika lebo. Paka kwa kitambaa cha maikrofaiba ukifuata mzunguko wa mfereji, usikate kwa kuvuka. Acha dakika moja, suuza kwa maji yaliyokenekwa matupu, kisha simamisha santuri mpaka ikauke kabisa. Usiposuuza, sabuni hubaki ndani ya mfereji na sindano hukusanya utando.

Angalizo: maktaba hizi zilitumia sahani za mizunguko 78 hadi miaka ya 1960, na nyingi ni za shelaki. Alkoholi huyeyusha shelaki. Hizo ni maji na sabuni kidogo tu, tena zipigwe kwa sindano yake pana, si ile ya santuri ndefu.

Hifadhi wima, mbali na jua. Mifuko ya nje iwe ya polipropilini au polyethilini. Ile laini ya PVC huacha ukungu juu ya santuri usiofutika.

Ukiingiza kwenye kompyuta, rekodi kwa biti 24 na uache kilele cha sauti kwenye dB −6 hivi. Usitumie kiondoa milio ya vumbi cha otomatiki kwa kipande kizima: programu haitofautishi mlio wa vumbi na kiputo cha VCS3, na itakula vyote. Futa kimoja kimoja kwa mkono. Kipunguza kelele nacho hukata mkia wa mwangwi, ambao kwenye muziki huu ndio nusu ya kazi.

Kumiliki santuri hakukupi haki ya kuutumia muziki wake kwenye video. Muziki wa maktaba mwingi bado una mwenyewe, na katalogi nyingi za zamani zinauzwa leseni mpaka leo. Andika namba ya santuri, namba ya kipande na muda uliochapwa nyuma ya jalada, kisha umwandikie mwenye haki. Mara nyingi hizo tatu zinatosha kukipata kipande kwenye kumbukumbu zake.