Kamera isiyopitia kwa wakala: namna ya kupima kama punguzo linalipa

Kila msimu wa harusi ukikaribia napata simu za aina moja. "Kaka, kuna jamaa anatoka Dubai na kamera ya Sony a7 IV mpya kwenye boksi, bei iko chini kuliko ya dukani. Nichukue?" Juzi nimemaliza kumsaidia kijana mmoja wa studio kule Mbagala aliyekwishachukua, nikaona niandike yote mara moja ili atakayeniuliza tena nimpe asome.

Tuelewane kwanza. Siongelei feki wala mali ya wizi. Naongelea kamera halisi iliyotoka kiwanda kilekile, ila ilipangiwa soko la nchi nyingine, na mtu akaileta bila kupitia kwa wakala aliyeteuliwa na kampuni. Kuinunua si kosa, mradi kodi imelipwa. Unachokosa ni mtu wa kumrudia ikiharibika, na kukosa huko kuna bei yake. Kazi yetu hapa ni kuitafuta hiyo bei kabla hujatoa hela.

Hatua ya 1: Je, ni lenzi au bodi?

Msimamo wangu haujabadilika miaka yote. Lenzi ya kawaida, hasa zile zisizo na zumu kama 35mm, 50mm na 85mm, nunua popote mradi umeikagua. Haina menyu, haina lugha, na vya kuharibika ndani yake ni vichache. Bodi (kamera yenyewe bila lenzi) inayokulisha nunua kwa wakala, au uwe na sababu nzito ya kutofanya hivyo. Lenzi nzito kama 70-200 f/2.8 ihesabu kama bodi, maana ina mota, ina mtambo wa kutuliza mtikisiko, na ikianguka bei ya fundi inatisha.

Betri usinunue kwa mtu usiyemjua, hata akikupa nusu bei. NP-FZ100 (ya Sony) na LP-E6NH (ya Canon) bandia zimejaa, na zingine zimefungwa vizuri kuliko za kiwandani.

Hatua ya 2: Pata bei ya wakala kwa maandishi

Ankara kifani (proforma), yenye tarehe. Watu wengi hulinganisha bei ya Dubai na bei waliyoisikia kijiweni. Omba na punguzo pia; ukitaja kwamba unalipa taslimu siku hiyohiyo, bei husogea.

Hatua ya 3: Hesabu yote, usiishie kwenye bei ya dukani

Chukulia mfano, tarakimu ni za kufundishia tu. Wakala wa Dar anataka shilingi 7,200,000. Dubai bodi hiyohiyo, kwa dirhamu, ni sawa na 5,400,000. Kwa macho umeokoa 1,800,000.

Sasa ongeza kodi. VAT ya Tanzania Bara ni asilimia 18 (Kenya ni 16), na inakokotolewa juu ya bei ikiwa pamoja na usafiri, bima na ushuru wa forodha wenyewe. Hata tukiacha vyote hivyo, asilimia 18 ya 5,400,000 ni 972,000. Nimeacha ushuru wa forodha makusudi kwa sababu unategemea mzigo umepangwa kwenye namba gani ya HS, yaani namba ya forodha ya aina ya bidhaa. Mwulize wakala wa forodha kabla ya kununua, na umtajie kama ni bodi tupu au ina lenzi.

Kuna kinachorudi kidogo. Falme za Kiarabu zilianza kutoza VAT ya asilimia 5 Januari 2018, na mgeni anaweza kurudishiwa kama ametumia dirhamu 250 au zaidi kwenye duka lililosajiliwa katika mpango huo. Mwambie muuzaji aiingize risiti kwenye mfumo hapohapo dukani. Uwanja wa ndege pita kwenye mashine ya uhakiki kabla ya kukabidhi mabegi, kamera ukiwa nayo mkononi, kwa sababu wanaweza kutaka kuiona. Hurudi asilimia 85 ya kodi uliyolipa, ikitolewa ada ndogo. Kwenye mfano wetu ni kama 218,000.

Kwa hiyo: 5,400,000 kutoa 218,000 kujumlisha 972,000 ni 6,154,000. Ile milioni moja na laki nane imeshuka hadi kama milioni moja na elfu arobaini na sita, na bado hujalipa ushuru, usafiri wala mtu wa kukuletea. Ukitumia wale wa kargo wanaotoza kwa kilo, utapata nafuu na usumbufu mdogo, ila mara nyingi hutapewa karatasi ya forodha yenye jina lako. Siku ukitaka kuiuza kamera kwa taasisi, au ukiulizwa uwanjani ukitoka nayo kwenda kazi Kigali, utaikumbuka hiyo karatasi.

Kinachobaki kipime kwa vitu viwili. Mwulize fundi unayemwamini bei ya kubadilisha shata (pazia la ndani linalofunguka unapopiga picha) ya modeli hiyo, vipuri na kazi. Kisha uliza kukodi bodi ya aina hiyo kwa siku moja ni kiasi gani, uzidishe kwa Jumamosi ambazo yako ingekuwa safarini kwa matengenezo. Jumla ya hivyo viwili ikizidi unachookoa, mjadala wa bodi umekwisha. Kwa lenzi ya 50mm hesabu hii karibu kila mara inaiunga mkono Dubai.

Hatua ya 4: Jua kamera ilipangiwa soko gani, na waranti ni ya nani

Hapa ndipo panapokula muda, na ndipo kijana wa Mbagala alipokwama. Nitapaeleza kwa urefu.

Kamera yake ilikuwa Sony, mpya kweli, safi, shata haijachoka. Ilitoka Japani. Sony huuza kwao bodi nyingi zenye menyu ya Kijapani peke yake, na kampuni haitoi njia ya kuongeza lugha nyingine. Tulikaa mpaka usiku tukiielekeza simu kwenye skrini ili itutafsirie, neno kwa neno, tukafanikiwa kupanga vitufe vya pembeni. Lakini mpiga picha msaidizi akishika kamera hiyo ukumbini hajui pa kwenda, na siku ya kuiuza kila mnunuzi atataka punguzo. Zipo programu za wapenzi wa kamera, kama OpenMemories: Tweak, zilizowahi kufungua lugha kwenye baadhi ya bodi za zamani. Mimi siingizi kitu cha namna hiyo kwenye kamera ya kazi, na simshauri mtu.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, washa kamera, ingia kwenye menyu, fuata alama ya sanduku la zana, tafuta orodha ya lugha. Kama orodha haipo, au ina lugha moja, irudishe kwenye boksi lake mchana huohuo. Kama muuzaji yuko mbali, mwombe video fupi ya ukurasa huo, namba ya bodi ikionekana kwenye video hiyohiyo. Picha haitoshi, anaweza kukutumia ya kamera nyingine.

Angalia na dalili za nje. Boksi limeandikwa lugha gani? Plagi ya chaja ni ya pini tatu za mraba kama zetu, ambayo pia ni ya Falme za Kiarabu na Uingereza, au ni ya pini mbili bapa za Japani na Marekani? (Bodi nyingi za siku hizi haziji na chaja kabisa, kwa hiyo isipokuwepo usishtuke, shtuka kama picha iliyo kwenye boksi inaionyesha.) Namba ya bodi, kwa kawaida iko chini ya kamera, lazima ilingane na ya kwenye boksi na ya kwenye kadi ya waranti. Zikipishana tarakimu moja, umeuziwa mchanganyiko.

Sasa waranti. Muuzaji akisema ni ya "kimataifa", anaweza kuwa na maana tatu. Ya kwanza, waranti ya mtengenezaji inayokubalika nchi nyingi. Ipo kwa baadhi ya bidhaa, na masharti yake yameandikwa kwenye kadi, usome. Ya pili, waranti ya duka lenyewe: kamera ikiharibika unairudisha kwao, nauli juu yako. Maduka ya heshima huwa hayafichi; B&H ya New York imewahi kuuza bidhaa hizi ikiziandika wazi kuwa ni za kuagizwa, zikiwa na waranti ya duka. Wapo pia wauzaji wa mtandaoni wenye anwani ya Uingereza ambao mzigo wao hutoka Hong Kong, na ukiharibika unarudi hukohuko. Ya tatu, neno tupu.

Wengi huishia kuuliza waranti na kusahau swali zito zaidi: nikiwa tayari kulipa mwenyewe, kuna atakayeigusa? Nikon ya Marekani kwa miaka mingi imekuwa ikikataa kutengeneza bidhaa zake ambazo hazikuingizwa na yenyewe, hata ukitoa hela. Na kamera aliyokununulia binamu yako Marekani kwa njia zote halali ina waranti ya Marekani; ukiwa Dar au Mombasa, hiyo ni karatasi ya kuwekea kikombe cha chai.

Njia ya kupata jibu ni barua pepe. Nikon, Sony na Canon zina ofisi za kanda Dubai. Waandikie huduma kwa wateja, taja modeli na namba ya bodi, uliza mambo mawili tu: kamera hii ikiharibika nikiwa Tanzania, nani ataitengeneza kwa waranti? Na isipokuwa na waranti, kituo gani kitaipokea kwa malipo? Hifadhi jibu. Muuzaji anayekataa kukupa namba ya bodi kabla ya malipo amekwishakujibu.

Tahadhari ya mwisho kwenye hatua hii: kamera kutoka Dubai haina maana imepangiwa Dubai. Mitaa kama Al Fahidi kule Bur Dubai inapokea mzigo wa kila upande wa dunia, na rafu moja inaweza kuwa na boksi tatu za masoko matatu.

Hatua ya 5: Ukaguzi mezani

Nenda na laptopu, kadi yako ya kumbukumbu na lenzi yako.

Piga picha moja ya JPEG. Kama ni Nikon, ifungue kwa ExifTool, programu inayosoma taarifa zilizofichwa ndani ya picha, na usome ShutterCount, yaani hesabu ya mibofyo. Kamera mpya inakuwa na mibofyo michache ya majaribio. Ukikuta maelfu, imetumika ikasafishwa. Baadhi ya Sony husomeka pia. Canon nyingi haziandiki hesabu hiyo kwenye picha, kwa hiyo kagua mikwaruzo kwenye kiatu cha flashi na kwenye pete ya kufungia lenzi. Kumbuka kwenye Nikon zenye shata ya kielektroniki, ShutterCount hujumlisha na mibofyo ya shata hiyo.

Funga mfuniko wa bodi, piga picha ya giza ya sekunde kadhaa, ikuze uone nukta zinazowaka.

Kwa lenzi, fungua tundu la mwanga (aperture) hadi mwisho, lenga jengo la ng'ambo lenye nondo za madirisha, kisha linganisha pembe nne. Pembe moja ikiwa na ukungu na tatu ziko kali, vioo vimekaa upande. Halafu mulika tochi ya simu kupitia kioo cha nyuma: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa pwani hautakaa mahali pamoja. Lenzi iliyokuja kwenye boksi jeupe imetolewa kwenye seti ya kamera. Si tatizo, ila bei yake lazima iwe chini.

Canon ikikuuliza kama betri ina nembo ya Canon, imeshaitilia shaka. Iamini kamera.

Kama unapiga video, hakikisha inakubali fremu 25 na 50 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwa fremu 30 taa za ukumbi zinaweza kukuletea mistari inayotembea.

Hatua ya 6: Malipo na risiti

Kadi, kama inawezekana, kwa sababu benki unaweza kulalamika. Ukinunua Kariakoo au Samora, dai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) na uihakiki kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujatoka. Kenya dai ya eTIMS, mfumo wao wa risiti za kodi. Muuzaji aandike namba ya bodi juu ya risiti na agonge muhuri. "Nikupe bei bila risiti" maana yake akuuzie bila ushahidi, na bei hiyo ilitakiwa iwe chini mno kuliko anayokutajia.

Hatua ya 7: Itese mapema

Kasoro nyingi za kiwandani hujitokeza mwanzoni. Rekodi video mpaka betri iishe, uone kama inazimika kwa joto. Piga mfululizo mpaka kadi ijae. Jaza nafasi zote mbili za kadi. Ifanyie kazi ya bure ya ndugu kabla ya kazi ya kulipwa. Na kama umenunua kwa yule jamaa wa Dubai, muulize anarudi lini, ufanye majaribio yote kabla hajapanda ndege.