Utafiti wa hela za nyumbani: usimhoji mtu mmoja ukasema umehoji familia

Kama tasnifu yako inahusu familia, kazi na hela za nyumbani, kwanza amua kaya ni nani na nani. Madodoso mengi husema ni wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, sasa yule kijana anayefanya kazi mbali na kutuma hela kila mwezi utamweka wapi? Andika kabisa kabla hujaingia fildi.

Afu hapa ndo wengi wanaharibu, wanamhoji mkuu wa kaya peke yake wanaenda kuandika "familia inatumia hivi". Gary Becker, yule wa Nobel ya uchumi 1992, kwenye modeli zake kaya inaamua kama mtu mmoja, sawa, hesabu inakuwa nyepesi, ila Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 nafuu ya kodi ya mshahara kwa wenye watoto, ambayo mara nyingi ilimfaidi baba, iliondolewa ikawa posho anayopewa mama, na wachumi Lundberg, Pollak na Wales kwenye utafiti wao wa 1997 wakakuta matumizi ya nguo za wanawake na watoto yamepanda kulinganisha na za wanaume. Mshika hela kabadilika, na matumizi nayo yakabadilika!

Kwa hiyo mume na mke wahoji kila mtu kivyake, ikiwezekana muda uleule, wahojaji wawili. Majibu yakigongana usiyasawazishe, hiyo tofauti nayo ni data. Na jibu la mmoja lisimfikie mwenzake hata kwa utani, kuna watu wana akiba za siri na ukiropoka unaweza kumponza mtu akapigwa.

Maswali ya matumizi yavunjevunje: chakula uliza siku 7 zilizopita, ada na matibabu mwaka mzima. Ukiuliza "kwa mwezi unatumia ngapi" utapewa namba ya kubahatisha.

Kwenye kazi, "unafanya kazi?" ni swali bovu, mama wa nyumbani atakujibu hapana wakati kaamka kabla ya wote. Tumia shajara ya muda ya saa 24, yaani mtu anaandika saa kwa saa alichokuwa anafanya, siku moja ya kazi na moja ya wikendi, na uweke safu ya "kingine ulichokuwa unafanya", maana mtu anapika huku anamwangalia mtoto, bila hiyo safu malezi yanapotea yote.

Majina yatunze faili tofauti na majibu, uunganishe kwa namba tu.