Kutangaza kifo, na kusaka kumbukumbu za kifo cha zamani

Familia iliyofiwa ikifika hapa saiba, dukani kwangu kwa kompyuta na intaneti, huwa inataka tangazo upesi upesi. Mimi huuliza karatasi kwanza. Utaratibu ni huu, kwa Kenya.

Hatua ya 1: Karatasi
Aliyefia hospitalini huandikiwa taarifa hukohuko; aliyefia nyumbani, nendeni kwa naibu wa chifu. Mwisho wake ni kibali cha mazishi. Kitambulisho cha marehemu kitachukuliwa, basi kipigeni picha pande zote mbili mapema, na kibali vilevile. Kibali si cheti cha kifo. Cheti huombwa kwa msajili wa vizazi na vifo, na ndicho benki na mahakama watakachodai.

Hatua ya 2: Maandishi
Andikeni majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, kisha jina la mtaani, maana kuna wazee ambao jirani hawalijui jina lao jingine. Mfano:

"Familia ya Fulani ya Kaloleni, Kilifi, inasikitika kutangaza kifo cha mzee wao Fulani bin Fulani, maarufu Fundi Saa. Mazishi ni Jumamosi saa saba mchana, nyumbani kwake. Habari ziwafikie ndugu walioko Mombasa, Voi na Doha."

Namba ya kitambulisho msiiweke. Namba ya simu ya michango iwe moja tu, pamoja na jina linalotokea mtu akituma M-Pesa, kwa sababu matapeli hunakili tangazo wakabadilisha namba. Halafu someni kwa sauti mbele ya ndugu. Ugomvi huwa ni mpangilio wa wake na watoto. Umalizeni nyumbani, si mbele ya kompyuta yangu.

Hatua ya 3: Kulitoa
Kwa Waislamu gazeti halina maana: maiti huzikwa mapema, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa hiyo kipaza sauti cha msikiti na WhatsApp vinatosha. Wengine wana siku za kutosha kulipia ukurasa wa vifo. Mimi ningeweka pesa kwenye redio ya lugha ya nyumbani.

Hatua ya 4: Kifo cha zamani
Anzeni na gazeti rasmi la serikali, Kenya Gazette, linalotoka tangu 1899. Nakala nyingi zimo mtandaoni. Mirathi (kesi ya mali ya marehemu) ikifunguliwa Mahakama Kuu, tangazo huchapishwa humo ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30, na hutaja jina, makazi, mahali na tarehe ya kifo. Yaani hata kama familia imesahau tarehe, karani aliiandika. Matangazo ni ya Kiingereza, na majina yameandikwa kila namna: jaribuni Mohamed, Mohammed, Muhamad. Jina likiwa la kawaida mno, ongezeni kijiji.

Mirathi haikufunguliwa? Ulizeni kitabu cha mazishi cha kanisa, au someni jiwe la kaburi. Askari wa jeshi la Waingereza aliyefia kwenye vita viwili vya dunia, jaribuni orodha ya mtandaoni ya Commonwealth War Graves Commission, shirika linalotunza makaburi ya askari hao, ingawa wapagazi wengi wa vita vya 1914–1918 hawamo kwa majina.

Mkishapata tarehe, nendeni kwa msajili wa mahali alipofia, si wa kwao. Mtu wa Kilifi aliyefia Nakuru yumo kwenye daftari la Nakuru.